Zimwi, Mamba na Mvumbuzi: Tunavyowasimulia Watoto Habari za Kale

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha nilikwenda kumkagua mwanafunzi wetu katika shule moja ya msingi hapa Bujumbura. Somo lilikuwa Kiswahili, kipindi cha masimulizi. Kijana alikuwa amejiandaa vizuri, tena alikuwa na sauti ya msimulizi, jambo ambalo hatuwezi kumfundisha mtu chuoni. Alisimulia hadithi tatu. Ya kwanza ilihusu zimwi lililomeza kijiji kizima. Ya pili ilimhusu Gustave, mamba wa mto Ruzizi. Ya tatu ilikuwa habari ya Livingstone na Stanley na jiwe la Mugere. Zote tatu alizianza kwa maneno yale yale: hapo zamani za kale.

Alipomaliza aliuliza kama kuna swali. Mtoto mmoja wa dawati la nyuma akasimama, akauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, huyo Stanley mwisho alimezwa na mamba au na zimwi?"

Darasa lilicheka. Mwalimu wetu mwanafunzi alitahayari, akamwambia mtoto akae na asikilize vizuri siku nyingine. Mimi niliandika alama zangu kwenye karatasi ya ukaguzi, lakini njiani nikirudi nilizidi kuona kwamba yule mtoto ndiye aliyesikiliza kuliko sote. Alipewa hadithi tatu kwa mlango mmoja. Akadhani, kwa haki yake, kuwa ameingia katika nyumba moja.

Makala haya yanahusu mlango huo. Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wanajua kutenga ngano, kisaasili, kisakale na tarihi. Wakiulizwa katika mtihani wanazipanga bila kukosea, na wale waliosoma vitabu vya Kenya wanakumbusha kuwa kisakale wengine hukiita mighani. Lakini wakishasimama mbele ya watoto wa miaka kumi, istilahi zote hizo hubaki chuoni na kila kitu huitwa hadithi. Sisemi kwamba tuwafundishe watoto istilahi. Nasema kwamba mtoto ana haki ya kujua anachosimuliwa ni kitu cha namna gani, na kwamba Kiswahili kina njia za kumjulisha.

Tulianzie neno hadithi lenyewe. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na kwa Waislamu bado lina maana yake ya awali ya masimulizi ya maneno na matendo ya Mtume. Mtoto wa Buyenzi anayekwenda chuoni jioni kusoma Kurani anajua kwamba hadithi ya namna hiyo haisimami peke yake. Ina wapokezi. Fulani alisikia kwa fulani, naye alisikia kwa fulani. Wanazuoni wa zamani walitumia maisha yao yote kuuliza kama huyu aliwahi kukutana na yule, kama alikuwa mkweli, kama kumbukumbu yake ilikuwa nzuri. Mlolongo huo huitwa isnadi. Kwa hiyo neno tunalolitumia leo kwa mambo ya sungura na fisi liliingia katika lugha yetu likiwa na swali: nani amekwambia? Sisi walimu tumelichukua neno, swali tumeliacha.

Kirundi nacho hakichanganyi. Babu akisema anatoa umugani, wajukuu wanajua wameingia katika mambo ya jioni, ambako mnyama husema na mtu hufufuka. Akizungumzia kahise, yaani mambo yaliyopita, hubadilisha sauti na hutaja watu na milima. Hakuna anayemuuliza babu kama mfalme fulani alimezwa na zimwi. Utengano huo umo katika lugha ya nyumbani ya wanafunzi wetu. Unapotea wanapohamia katika Kiswahili cha darasani, na hilo ni kosa letu sisi tunaokifundisha.

Sasa nije kwenye zimwi. Kuna walimu, na baadhi ya wazazi pia, wanaotaka zimwi liondoke madarasani kwa sababu linawatisha watoto au linapingana na dini. Siungani nao. Zimwi ni mzee kuliko shule. Kirundi kina igisizimwe, jitu lile linalokula watu, na sikio la mwanafunzi wa isimu husikia mara moja undugu wake na zimwi la Kiswahili. Sikilizeni tena mzimu, umuzimu, na izimu la Wazulu kule kusini, jitu jingine linalokula watu. Ni shina moja la Kibantu lililosambaa nusu ya bara, mahali fulani likibaki na maana ya roho ya marehemu, mahali pengine likiota meno. Somo la namna hii linaweza kumfurahisha mtoto wa darasa la sita akaona kuwa Kirundi chake na Kiswahili cha mwalimu ni mtu na ndugu yake.

Tena mazimwi yetu yana akili. Wasukuma wana Shing'weng'we, aliyemeza watu wote akabaki mwanamke mmoja mwenye mimba, na mtoto aliyezaliwa, Masala Kulangwa, ndiye aliyekuja kulipasua tumbo la jitu hilo na kuwatoa watu. Waswahili wa Zanzibar walikuwa na nunda. Hadithi yake imo katika mkusanyiko ambao Edward Steere aliuchapisha London mwaka 1870. Ni paka wa nyumbani kwa sultani Majnuni. Alianza kwa kula wanyama wa kufugwa. Watu walipokwenda kushtaki, sultani alijibu kuwa paka ni wake na mnyama aliyeliwa ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watoto wa watu, na jibu likawa lile lile, mpaka siku alipowala wana wa sultani mwenyewe. Ndipo ikaonekana kuwa huyu si paka tena, ni nunda mla watu. Mtoto mdogo aliyedharauliwa, mkaa jikoni, ndiye aliyetoka kumtafuta, akawa anaua mnyama baada ya mnyama na kumletea mama yake, na kila mara mama anamwambia, mwanangu, huyu siye.

Nimelisimulia hili kwa urefu kidogo kwa sababu naliona kuwa somo la siasa lililo wazi kuliko mengi tuliyosomeshwa. Halihitaji kuwa kweli. Hakuna mtoto atakayedhurika akijua kuwa nunda hayupo, na hakuna atakayepoteza maana ya hadithi. Mlango wake ni paukwa, pakawa. Tukiufungua mlango huo, mtoto anajua ameingia wapi.

Gustave ni jambo jingine, na hapa ndipo mwanafunzi wetu alipoteleza kwanza. Gustave si zimwi. Ni mamba aliyeonekana na wavuvi wa Ruzizi na wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi. Jina alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumfuatilia. Urefu wake ulikadiriwa kufikia mita 6, na alitambulika kwa makovu ya risasi mwilini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Faye na wenzake walijenga mtego wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 9, wakaweka chambo cha kila aina, mamba hakuingia. Filamu ya kumbukumbu juu ya jaribio hilo ilionyeshwa mwaka 2004. Mwaka 2007 Wamarekani wakatoa filamu ya kutisha iliyotokana na habari zake.

Kuanzia hapo mamba alianza kukua kama nunda. Wapo wanaosema ameua watu 300. Hesabu hiyo hakuna aliyeifanya. Hakuna daftari, hakuna orodha ya majina, na mamba wengine wa Ruzizi nao wana meno. Habari za kifo chake zilichapishwa mwaka 2019 bila mzoga wala picha, na mpaka leo wapo wanaoapa kuwa wamemwona.

Lakini katika habari hii kuna jambo dogo ambalo natamani kila mwalimu wa Kiswahili alisimulie. Hapo awali ilidhaniwa kuwa mamba huyu ana umri wa miaka 100, kwa vile mwili wake ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Baadaye alipoonekana akiwa amepanua kinywa, meno yake yalikuwa kamili. Mamba wa miaka 100 angekuwa karibu kibogoyo. Ikabidi umri ushushwe hadi miaka 60 hivi. Mwambieni mtoto hilo. Mwambieni kuwa mtu alitazama meno, akafikiri, akabadili maneno yake. Mamba wa mita 6 hapungui kutisha kwa kuwa na miaka 60, na mtoto amejifunza katika dakika tatu jinsi ujuzi unavyopatikana.

Wapo pia wanaoongeza, kwa sauti ya chini, kuwa mamba wa Ruzizi walizoea nyama ya mtu katika miaka ya vita iliyoanza mwaka 1993, maiti zilipokuwa zikitupwa mtoni. Mwalimu ataamua mwenyewe darasa lake lina umri gani. Lakini tukimfanya mamba kuwa zimwi tu, swali la nani alimlisha halitaulizwa kamwe. Katika hadithi ya Majnuni swali hilo ndilo hadithi yenyewe.

Kutoka Ruzizi hadi Mugere si mbali, na hadithi ya tatu ya mwanafunzi wetu ilikuwa huko. Jiwe la Mugere liko kusini mwa Bujumbura, kiasi cha kilomita 10 hivi, juu ya mlima unaotazama ziwa. Limechorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Watoto wengi wa mji huu hupelekwa pale angalau mara moja, na wengi hurudi wakiamini kuwa ndipo wazungu wale wawili walipokutana mara ya kwanza. Mwanafunzi wetu naye alisimulia hivyo. Siyo. Walikutana Ujiji, upande wa Tanzania ya leo, siku ambayo Stanley aliiandika kuwa ni tarehe 10 Novemba 1871. Hata tarehe hiyo wanahistoria wanaitilia shaka kwa kuwa hesabu ya siku ya Livingstone haikuafikiana na ya Stanley. Na yale maneno mashuhuri ya kusalimiana ambayo dunia nzima inayajua? Kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu saa ile zimechanwa. Maneno tunayapata katika maandishi yake aliyoyatoa kwa wasomaji baadaye. Nawaomba wasomaji walione hili vizuri: kisakale si mali ya wazee wa kijijini peke yao. Mwandishi wa gazeti la New York naye alikuwa msimulizi.

Basi Mugere walikuja kufanya nini? Hapa ndipo habari inapokuwa tamu, nayo ndiyo isiyosimuliwa. Walikuwa katika mtumbwi wakielekea kaskazini mwa ziwa kutazama mto Ruzizi, kama unaingia ziwani au unatoka. Kama ungetoka, huenda ungekuwa chanzo cha Nile. Njiani walilala siku mbili Mugere kwa mtawala wa pale, Mukamba, wakaendelea, wakafika mtoni, wakaona maji yanaingia. Swali likaisha.

Ila swali lilikuwa limekwisha miaka 13 kabla. Mwezi wa Aprili 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitafuta jibu hilo hilo. Wana wa mtawala Maruta waliwaambia kuwa Ruzizi unaingia ziwani. Wasingeshindwa kujua. Walizaliwa kando yake na walivua samaki ndani yake. Burton aliandika jibu lao, akahuzunika kwa kuwa alitaka mto utoke, akarudi. Wasomi wa Ulaya wakaona habari hiyo haijathibitishwa, na ikabidi wazungu wawili wengine waje kutazama kwa macho yao.

Na tunawaitaje watu hawa kwa Kiswahili? Wavumbuzi. Stanley mvumbuzi, Speke mvumbuzi. Ukifungua ukurasa unaofuata wa kitabu cha watoto unamkuta Edison, naye mvumbuzi. Sijui lugha nyingine nyingi zinazompa neno moja mtu aliyetengeneza kitu ambacho hakikuwepo na mtu aliyefika mahali penye watu akakuta wanapika. Nakiri kuwa nami nimelitumia hivyo kwa miaka mingi bila kuwaza. Mtoto akisikia kuwa balbu ilivumbuliwa na Ziwa Tanganyika likavumbuliwa, atahitimisha nini? Kwamba kabla ya mzungu ziwa halikuwepo, au lilikuwepo gizani. Tuna kubuni, tuna kugundua, tuna kufika, tuna kuthibitisha. Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858. Livingstone na Stanley walithibitisha habari ya Ruzizi. Kitenzi kinatosha. Hakuna haja ya hotuba dhidi ya ukoloni mbele ya watoto wa darasa la nne.

Vivyo hivyo kwa piramidi ya Rutovu, iliyojengwa mwaka 1938 juu ya chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote. Burkhart Waldecker, Mjerumani, anastahili sifa ya kufuata maji yale hatua kwa hatua mpaka mwisho. Waliokuwa wakiteka maji hapo hawakujua yanafika Misri, na huo ndio ugunduzi wake. Chemchemi yenyewe haikungoja mtu.

Ningependa pia watoto wetu wamjue Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi akiwa huru. Aliwaongoza Burton na Speke hadi ziwani mwaka 1858, kisha Speke na Grant, kisha alikuwa mkuu katika msafara wa Stanley wa mwaka 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron kutoka pwani hadi pwani. Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani na pensheni. Alisafiri Afrika zaidi ya wengi kati ya hao aliowaongoza, na mtoto akisikia habari zake haulizi kama alimezwa na zimwi. Anauliza aliwezaje.

Kuhusu wabunifu hasa, yaani watu wa kutengeneza, vitabu vyetu ni maskini. Mtoto wa Burundi anasoma habari za Watt na Edison, na hakuna ubaya, lakini anamaliza shule akiwa na hakika kwamba kitu kizuri hutoka mbali. Nitatoa mifano miwili ya karibu.

Wa kwanza uko Buhaya, karibu na Bukoba, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Wahaya walisimulia kuwa mfalme Rugomora Mahe wa Kyamutwara aliagiza wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, apate kuona kuna nini huko. Kazi ilifanyika penye mti mmoja pale Katuruka, mti ulioitwa Kaiija, jina linalohusu kiwanda cha mhunzi. Hicho ni kisakale safi. Mnara wa chuma hadi mbinguni! Mwalimu mwenye haraka angekiweka kundi moja na Shing'weng'we akaendelea.

Mwanaakiolojia wa Kimarekani, Peter Schmidt, hakuwa na haraka. Aliwasikiliza wazee, akachimba penye mti ule mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chini alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Rugomora, kwa hesabu ya vizazi, aliishi karne chache tu zilizopita. Maana yake ni kuwa kumbukumbu ya wahunzi wa kale sana ilidumu mahali pale, na masimulizi yakaja kuivalisha jina la mfalme wa baadaye. Mnara haukuwepo. Moto ulikuwepo.

Haikuishia hapo. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliombwa wajenge tanuru la kuyeyushia chuma kama la baba zao. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miaka mingi tangu chuma rahisi cha madukani kilipoingia, na waliokumbuka walikuwa wachache. Majaribio ya mwanzo hayakuwa rahisi, lakini mwisho tanuru lilifanya kazi. Mabomba ya udongo ya kupulizia hewa yaliingizwa ndani ya tanuru, na Schmidt na mwenzake Donald Avery walieleza, katika makala waliyochapisha mwaka 1978, kuwa kwa njia hiyo hewa ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye makaa, na joto likapanda sana. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya kazi ya hewa hiyo, na ubishi ni sehemu ya habari. Hapa kwetu pia, katika Burundi, mabaki ya matanuru ya zama za mwanzo za chuma yamechimbuliwa. Wahunzi wale hatutayajua majina yao kamwe. Lakini mtoto anaweza kuambiwa kwamba inyundo ya Kirundi na nyundo ya Kiswahili ni neno moja, na kwamba neno hilo ni la zamani kuliko mfalme yeyote tunayemtaja.

Mfano wa pili una jina na mwaka. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo, naye akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Yake yaliganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepozwa. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza, akachekwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walicheka tena. Osborne alirudi chuoni, akaagiza jambo lipimwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Dunia ya fizikia inaita jambo hilo athari ya Mpemba, na mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana linatokea lini na kwa nini, na wengine wanakana kuwa linatokea. Naipenda hadithi hii kwa sababu shujaa wake ni mtoto aliyeuliza swali darasani likachekwa. Ninapoikumbuka namkumbuka yule wa dawati la nyuma.

Huenda msomaji anajiuliza kama jambo hili lina uzito kiasi hicho. Mtoto akichanganya mamba na mvumbuzi kuna hasara gani? Atakua, ataelewa.

Mahali pengine labda. Hapa kwetu hadithi iliyovishwa nguo za historia imetugharimu. Mwaka 1863 Speke alichapisha kitabu cha safari yake, na ndani yake akaweka dhana yake kuwa watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa uzao wa watu wa Ethiopia, tofauti kwa asili na wale waliowatawala. Hakuwa na ushahidi. Ilikuwa dhana ya msafiri. Lakini iliandikwa, ikanukuliwa, ikaingia katika vitabu vya wamisionari na maofisa, kisha katika shule za wakati wa Wabelgiji, na watoto wa Burundi na Rwanda wakaisoma kama historia ya nyumbani kwao, wakafundishwa nani mgeni na nani mwenyeji. Haikuanza kwa paukwa. Ilianza kwa sauti ya mtu anayejua. Hakuna mtoto aliyefundishwa kuuliza Speke aliambiwa na nani.

Linganisheni na masimulizi ya Warundi wenyewe juu ya Ntare Rushatsi, mwanzilishi wa ufalme. Masimulizi hayo yako ya njia mbili. Njia moja humtoa kaskazini, upande wa Kanyaru, nyingine humtoa Nkoma, kuelekea Buha. Jan Vansina alipochapisha utafiti wake juu ya masimulizi ya Burundi mwaka 1972, na Jean-Pierre Chrétien baada yake, hawakuchagua moja na kuitupa nyingine. Waliuliza kila njia ilisimuliwa wapi na nani alinufaika nayo. Mwalimu wa darasa la tano anaweza kufanya jambo hilo hilo kwa maneno mepesi: watu wa huku walisema hivi, watu wa kule walisema vile. Watoto wanalielewa mara moja, maana ndivyo wanavyosikia ugomvi wa majirani. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 nao uliona kuwa historia ya nchi hii inahitaji kufafanuliwa upya, na kazi hiyo ikapewa tume. Tume ina kazi yake. Darasa la Kiswahili lina yake.

Baada ya ukaguzi ule nilikaa na mwanafunzi wetu, tukapanga kipindi cha pili. Aliacha zimwi na paukwa yake kama lilivyokuwa. Habari ya Mugere aliianza kwa mwaka, na ya Gustave akaianza kwa kusema: wavuvi wanasimulia. Kisha akawapa watoto kazi ya nyumbani, kila mmoja aulize habari moja ya zamani kwa mtu mzima, aje nayo pamoja na jibu la swali moja tu: aliyekusimulia aliipata kwa nani.

Nilikwenda kusikiliza. Mmoja alileta habari ya babu yake mvuvi wa Rumonge na samaki aliyevunja mtumbwi, aliyoipata kwa kaka yake babu, ambaye hakuwepo siku hiyo. Darasa lilimhoji kama mahakama. Yule wa dawati la nyuma alileta igisizimwe, akatangaza mwenyewe kuwa ni umugani, akakaa. Msichana mmoja alisimulia jinsi bibi yake alivyotoka mlimani kwao mwaka 1972 akiwa msichana, akatembea usiku na mama yake mpaka wakaona ziwa. Hapo akanyamaza. Mwalimu akamwuliza kama hadithi imekwisha.

"Haijaisha," akasema. "Bibi ameishia hapo. Amesema nirudi kumwuliza nikifika darasa la nane."

Mwalimu aliandika jina la bibi ubaoni, kwenye safu ya wasimulizi, na mbele yake akaacha nafasi.